Shati na Kikoi Ndani ya Pakacha Moja

Alinishika mkono nje ya soko la Chake Chake, Pemba, asubuhi ya Jumamosi, nikiwa nangojea chenji ya ndizi.

"Mwanangu, wewe ndiye yule wa shati?"

Nilisema ndiyo kabla sijamtambua. Kisha nikamtambua. Siku zote za kesi ya mauaji, ambayo mimi nilisaidia upande wa utetezi, alikaa benchi la pili, upande wa dirisha, mikono imetulia magotini, na hakupata kulia mbele za watu hata mara moja. Ni mama wa marehemu.

Nilijitayarisha kutukanwa. Hakunitukana. Aliniuliza hali, akawauliza watoto, akamuuliza na mama yangu, ambaye alisikia kuwa anaumwa. Wakati wote huo hakuniachia mkono. Halafu, kwa sauti ile ile aliyomuulizia mama, akasema:

"Basi mwanangu kauliwa na nani?"

Sikuwa na jibu.

Gari la kwao likapiga honi, akaniachia, akapanda. Muuza ndizi alikuwa ameninyooshea chenji na mimi siioni. Hii ni wiki ya saba tangu siku ile. Nikiosha mchele, swali lake lipo. Nikifungua faili la mtu mwengine, lipo.

## Tupo watatu

Nilifanya kazi maabara ya hospitali kwa miaka 26. Baada ya kustaafu, wakili mmoja kijana, mtoto wa jirani yangu, alinijia jioni na ripoti ya uchunguzi mkononi. "Mama, nisomee hii." Siku ya pili yake alikuwa anasimama mbele ya jaji, na zile safu za herufi na namba hakujua zinasema nini. Nilimsomea hapo hapo barazani. Baada ya wiki akaja na nyengine. Kisha wakaanza kuja wenzake.

Sasa tupo watatu: mimi ninayeongoza, kijana mmoja aliyesoma kemia, na muuguzi mstaafu ambaye jicho lake kwenye karatasi ni kali kuliko yetu sote. Tunawasaidia mawakili wanaowatetea watu wasio na uwezo wa kulipa. Hatuna maabara. Tuna meza, taa nzuri, na subira.

Wazee wa Zanzibar wanaikumbuka miaka ya sabini, enzi za mahakama za wananchi, ambapo mshitakiwa alisimama peke yake kwa sababu wakili hakuruhusiwa kumsemea. Leo tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, tuna wasaidizi wa sheria mpaka mashehiani, na anayeshitakiwa kwa kuua hupewa wakili. Nashukuru. Lakini upande wa mashtaka huja na mpelelezi, na daktari, na mkemia. Mtu maskini huja na wakili mmoja aliyebeba mafaili manane, ambaye kemia aliiacha kidato cha pili.

Hilo ndilo pengo tunaloliziba. Na swali letu la kwanza si "majibu yanasema nini?" Swali letu la kwanza ni "kitu hichi kilifikaje maabara?"

## Shati

Kijiji sitakitaja. Msimu wa karafuu, vijana wawili wachumaji waligombana juu ya hesabu ya pishi. Watu waliwaamua, kila mmoja akashika njia yake. Siku ya pili alasiri mmoja wao akakutwa chini ya mkarafuu, amepigwa kichwani, amekwishafariki. Kabla ya magharibi yule wa pili alikuwa ameshakamatwa nyumbani kwao.

Shati alilovaa lilikuwa na damu. Ripoti ilisema damu ile ni ya binaadamu, na vinasaba vyake (DNA) vinaoana na vya marehemu. Uwezekano wa mtu mwengine yeyote asiye na nasaba naye kuoana na vinasaba hivyo kwa bahati tu ni mmoja kati ya mabilioni.

Wakili alinipigia simu usiku. "Mama, hii imekwisha."

Nami niliona imekwisha. Nasema hivi kwa sababu watu hudhani tulianza na shaka. Hatukuanza na shaka. Nilikagua ripoti kurasa zote. Vipimo vya kujihakikishia vimefanyika, sampuli tupu ya kulinganishia ilitoka tupu kama inavyotakiwa, saini zipo. Kazi safi ya watu wanaojua kazi yao. Nilimwambia wakili hivyo hivyo, na nikamwambia akazungumze na mteja wake.

Mteja wake alishikilia neno moja tu: shati lilikuwa safi waliponivua.

Kila mtu husema hivyo.

Yule muuguzi wetu ndiye aliyekataa kufunga faili. Alikuwa anasoma maelezo ya askari aliyekwenda eneo la tukio, si yale ya vinasaba, yale ya kawaida kabisa ambayo mtu huyapitisha macho tu. Akaweka kidole chini ya neno moja. "Pakacha," akasema. "Hili pakacha limeingiaje humu?"

Maabara ilipokea bahasha mbili, kila moja imefungwa kwa lakiri yake: shati ndani ya moja, kikoi cha marehemu ndani ya nyengine. Hakuna pakacha. Lakini askari aliandika kuwa walitoka shamba "na pakacha lenye kielelezo", kisha wakapita kwa mtuhumiwa.

Ikatuchukua wiki tatu kuipata picha. Kijana mmoja wa kijijini aliipiga kwa simu yake wakati pikipiki inaondoka. Pakacha limefungwa nyuma kwa kamba ya mnazi. Ukiikuza unaona ukingo wa kikoi, umerowa, na juu yake ukosi wa shati.

Bahasha mbili zilifungwa siku ya pili yake, kituoni. Usiku kucha nguo zile zililala pamoja. Na kabla ya usiku huo kuna njia ya shamba, mawe na mizizi, pakacha linarushwa juu chini.

Mahakamani askari aliulizwa kwa nini aliviweka pamoja. Alijibu kama mtu mkweli, na mimi nitaendelea kumheshimu kwa jibu lile: "Pakacha lilikuwa moja."

## Damu haisemi ilipitia wapi

Watu wengi wanadhani upande wetu tulisema maabara imekosea. Hatukusema hivyo, na ningependa lieleweke. Ile damu ilikuwa ya marehemu. Namba ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni njia: damu iliingia shatini shambani, au iliingia ndani ya pakacha? Vinasaba vinakwambia ni ya nani. Havikwambii ilifika saa ngapi, wala ilitoka wapi.

Kuna kesi moja ya Marekani ambayo nimewasimulia mawakili mara nyingi mpaka wanaimaliza wenyewe. Novemba 2012, katika mji mdogo wa Monte Sereno karibu na San Jose, California, majambazi walivamia nyumba ya tajiri na yeye akafa. Chini ya kucha zake vikapatikana vinasaba vya mtu mmoja asiye na makaazi, mlevi, ambaye usiku ule haukumbuki kabisa. Alipoelezwa alimwambia wakili wake kuwa pengine kweli amefanya.

Hebu fikirini. Mtu amekwisha kujisadiki kuwa ni muuaji kwa sababu sayansi imesema.

Wakili wake alikuwa wakili wa umma, wa wale wanaolipwa na serikali kuwatetea wasio na kitu. Akafuatilia kumbukumbu za hospitali. Mteja wake alilazwa usiku ule ule, hajiwezi kwa pombe, mpaka asubuhi. Na wahudumu wa gari la wagonjwa waliomuokota yeye njiani ndio hao hao walioitwa saa chache baadae nyumbani kwa tajiri. Inaaminika vinasaba vilihamia kwa mikono yao au kwa kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupimia oksijeni. Kwa sababu hiyo mtu alikaa jela kama miezi mitano.

Mteja wetu alikaa rumande, Chuo cha Mafunzo, kama jela inavyoitwa huku kwetu, miaka miwili na miezi mitatu.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiweka hili wazi zamani, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007: kielelezo lazima kiwe na maandishi yanayoonesha nani alikikamata, nani alikitunza, nani alimkabidhi nani, mpaka siku kinapofikishwa mahakamani. Baadae mahakama hiyo hiyo ikasema si kila pengo linaivunja kesi; inategemea kitu chenyewe, kama ni cha kubadilika au kuchezewa kwa urahisi au la. Ng'ombe wa wizi hawezi kugeuka mbuzi njiani. Damu mbichi ni kitu chengine. Ndani ya pakacha la makuti damu mbichi inatembea.

Jaji alisema shaka ipo na ni ya maana. Ugomvi wa pishi peke yake hautoshi kumtia mtu hatiani kwa kuua. Akamwachia.

Vijana wa kijijini walimbeba mabegani. Mimi nilikuwa nakusanya karatasi zangu, na nilipoinua uso benchi la pili lilikuwa tupu.

## Je, na mimi?

Hapa ndipo usingizi unaponipotea.

Mwaka 2006 mtafiti Itiel Dror na wenzake walichapisha jaribio dogo lenye kuogofya. Waliwachukua wataalamu watano wa alama za vidole, wakampa kila mmoja jozi ya alama ambazo yeye mwenyewe aliwahi kuzisoma miaka ya nyuma na kukata shauri kuwa ni za mtu mmoja. Safari hii wakawaambia hizi ndizo zile alama ambazo FBI, wapelelezi wa serikali ya Marekani, ilizikosea katika kesi ya mabomu ya Madrid ya 2004. Wanne kati ya watano wakabadilisha kauli zao.

Alama zile zile, macho yale yale. Kilichobadilika ni neno waliloambiwa kabla ya kutazama.

Huwa nalitumia jaribio hili kuwaonesha mawakili kwamba mchunguzi aliyeambiwa na polisi "tumeshamkamata" hatazami tena kwa macho huru. Nalisema kwa kujiamini kabisa. Lakini tangu siku ile ya sokoni nimeligeuza upande wangu. Mimi naambiwaje kabla ya kutazama? Naambiwa: "Mama, tafuta tundu." Nikiamka nikilala natafuta matundu. Mtu anayetafuta matundu kila siku, siku moja ataliona palipo na ukuta mzima?

Nilizirudia ripoti zote tulizosoma tangu tulipoanza. Nilikaa nazo usiku nne. Nyingi tuliwaambia mawakili kuwa ripoti iko sawa. Mteja mmoja wa Wete, baada ya sisi kusema hivyo, alikiri kosa la kuua bila ya kukusudia, na wakili wake akaniambia ni bora alivyofanya. Kidogo nilipumua. Kisha nikalirudia pakacha, nikalitazama kama kwamba mimi ndiye mwendesha mashtaka. Nilijaribu kwa nia safi kulishinda. Sikuweza. Kikoi kilikuwa kimerowa, shati lilikuwa juu yake, na picha ipo.

Kwa hivyo sikukosea. Nilitarajia hilo litanituliza, halikunituliza, kwa kuwa yule mama hakuniuliza kama nimekosea.

Yule kijana alifanya, hakufanya? Sijui. Niliwahi kukaa naye chumba kimoja, nikamtazama mikono. Sijui hata leo.

## Kanzu yenye damu

Baba yangu alikuwa akitusomea chuoni kisa cha Nabii Yusuf, na mimi nilikipenda kwa sababu ya kanzu. Nduguze walimletea mzee Yaakub kanzu yenye damu, wakamwambia mbwa mwitu kamla. Mzee hakuwasadiki. Wafasiri wanasema aliitazama, akaona ina damu lakini haina mpasuko, akastaajabu mbwa mwitu gani huyu mpole, anamla mtoto na kanzu haipasui. Baadae, kwenye nyumba ya yule mkubwa wa Misri, kanzu nyengine ikamsafisha Yusuf kwa sababu ilichanika kwa nyuma. Nimewasimulia haya mawakili vijana nikiwaambia: tazameni kitu chenyewe, na mtazame wapi kimechanika.

Usiku mmoja wa wiki hizi nilikikumbuka kipande cha katikati, kile nilichokuwa nakipita mbio.

Yaakub aliitambua ile damu kuwa ya uongo siku ile ile. Na bado mtoto hakurudi. Alilia mpaka macho yakaingia weupe. Kuujua ushahidi kuwa hausimami hakukumpa mwanawe.

Miaka yote nimekuwa nikijihisabu niko upande wa Yusuf, yule aliye kifungoni bila ya hatia iliyothibitishwa. Sikuwahi kukaa upande wa baba yake. Na laiti shati lile lingetiwa peke yake ndani ya mfuko wa karatasi, pale pale alipovuliwa, moja katika mawili lingetokea. Damu ingekuwemo, na mama angejua. Au isingekuwemo, na kijana yule asingekaa rumande miaka miwili, na polisi wangeendelea kutafuta wakati nyayo bado mbichi. Pakacha lile liliwanyima wote wawili. Sisi tuliligundua kwa ajili ya mmoja tu, kwa sababu mmoja tu ndiye aliyekuwa na wakili.

Nilisema haya mbele ya mawakili wetu. Mmoja akaniambia, kwa adabu, kuwa hiyo si kazi yetu; kazi yetu ni utetezi, tukianza kuwaonea huruma walalamikaji tutaharibu. Namuelewa. Sikubaliani naye. Tangu hapo tumeanza kuandika kila tunachokiona kimeharibika njiani, hata kesi ikishakwisha, bila ya majina, na nimeomba kukutana na wanaowafundisha askari wapya. Namna ya kukausha nguo kivulini kabla ya kuifunga. Kwa nini karatasi, si plastiki, kwani nguo yenye unyevu ndani ya plastiki huvunda na vinasaba huoza. Kitu kimoja, mfuko mmoja. Hayo ni mambo ya nusu saa.

Na sisi Wapemba tunayajua! Nani hapa atazifungia karafuu mbichi ndani ya gunia akalala?

## Uwani

Wiki iliyopita nilikwenda. Nilimuomba shangazi yangu anipeleke, kwa kuwa ana ujirani wa zamani na watu wa kijiji kile. Majamvi yalikuwa yametandazwa uwani, karafuu zimeanza kushika wekundu, harufu imejaa mpaka ndani. Mama alikuwa anazigeuza kwa mguu. Hakushangaa kuniona. Akaita mjukuu alete kiti, mimi nikakaa chini.

Nilimwambia: "Mama, uliniuliza na sikukujibu. Sina jibu. Nimekuja kukwambia kwa nini sina."

Nikamueleza tangu mwanzo. Pikipiki, pakacha, kikoi cha mwanawe chini, shati juu. Nikamueleza maabara walichokiona na wasichoweza kukiona. Nilikuwa najikwaa, natafuta maneno, nikijua kila neno linamgusa pale pale. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaokota karafuu chache, akazichezea kiganjani.

"Kama watu wawili wamemimina karafuu zao gunia moja," akasema. "Mizani itakwambia pishi ngapi. Haitokwambia zimetoka shamba gani."

"Ndiyo, mama."

"Na mizani haikusema uongo."

"Haikusema."

Akanyamaza sana. Jua lilikuwa linahama, akainuka kulivuta jamvi moja, nikamsaidia upande wa pili. Nilidhani tumemaliza. Alipokaa tena ndipo akauliza jambo ambalo katika wiki zote zile, kwa yote niliyoyafikiri, halikunipitia kichwani.

"Na kikoi chake kiko wapi?"

Kipo bado, nilimwambia, kwenye stoo ya vielelezo. Hukaa huko mpaka muda wa rufaa upite na mahakama itoe amri.

"Nilimnunulia mimi," akasema. "Nakitaka."

Jumatatu nilikwenda kwa wakili, tukaandika barua ya maombi kwa niaba yake. Si mteja wetu, lakini wakili aliitia saini bila ya kuuliza. Nimeelezea kitu chenyewe kama ninavyoelezea vielelezo siku zote: kikoi kimoja, cheupe, chenye milia ya buluu pembeni. Chini yake nikaongeza mstari kwa mkono wangu, kuomba kwamba kikitolewa kifungwe kwenye karatasi, peke yake.